Pua ya Serahangi

Pale Molo, kitongoji cha Iloilo, ukiuliza habari za Hermogenes Cabalfin, utaambiwa ni shujaa. Padri atakuambia hivyo, muuza magazeti atakuambia hivyo, na bawabu wa chuo cha mabaharia atakuonyesha kwa kidole, kwa heshima, akivuka barabara na shati lake lililopigwa pasi. Mimi niliyekula naye meza moja na kumwoshea sahani nakuambia ni debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma. Hili limevuma tangu nilipokuwa kijana wa kuosha vyombo melini mpaka leo nina mvi na jiko langu mwenyewe.

Alizaliwa nyuma ya soko la Molo. Mama yake alikuwa muuza samaki wakavu, mwanamke mwenye sauti ya kukata mbao, na hadithi inasema alimkalisha mwanawe juu ya kikapu tangu hajaota meno akamfundisha kunusa: huyu mzima, huyu ameanza kuoza, huyu mtupie paka. Hadithi hiyo anaisimulia mwenyewe. Anasema kufikia umri wa kwenda shule pua yake haikuwahi kukosea. Majirani wa zamani wanasema mama yake alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza kila alipofika kwa samaki mbovu. Namwamini jirani.

Akaenda baharini kama nusu ya wanaume wa Iloilo tunavyokwenda, akapanda cheo polepole, kwa sababu ana mabega mapana na hachoki, mpaka akawa serahangi, yule msimamizi wa mabaharia wa sitahani. Sisi melini tulimwita Bosi Genes. Kwa kamba na nanga hakuwa mbaya, kusema haki. Lakini hakutaka kusifiwa kwa kamba na nanga. Alitaka kusifiwa kwa pua. Akisimama ubavuni mwa meli anakuambia mvua inakuja kwa harufu. Anakuambia fulani ana homa kwa harufu. Mvua inanyesha kesho yake, fulani anapata homa mwezi ujao, naye anajipiga kifua: si niliwaambia? Na wakati wote huo sigara haitoki mdomoni, moja inawasha nyingine. Pua iliyofukizwa moshi namna ile isingeweza kutofautisha waridi na soksi.

Nilimkuta kwenye Doña Trining, meli ya kubeba nafaka. Mimi nilikuwa mhudumu wa jikoni, na bwana wangu alikuwa Policarpio Tupas, mpishi mkuu. Mpishi mkuu kwenye meli zetu huitwa Meya, na huyu alistahili jina. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayeimba chini chini akikatakata. Kila asubuhi aliwakaangia watu wali kwa kitunguu saumu, na samaki wakavu pembeni, na siki. Mwilonggo, mtu wa kwetu Iloilo, ukimnyima wali wa kitunguu saumu asubuhi, usimtegemee kwa lolote mpaka jioni.

Mwaka huo wenye meli walitufungia mtambo mpya wa hewa, wa kujiendesha wenyewe. Vilikuwa vidude vyeupe, kila kimoja ukubwa wa kisosi, vimebandikwa darini kwenye korido zote. Kidude kikinusa hewa mbaya hakimwombi mtu ruhusa. Kengele inalia, matundu ya hewa yanayotazama upande wa shehena yanajifunga, na feni kubwa zinavuta hewa safi kutoka nje na kuisukuma vyumbani mpaka ile mbaya ikose pa kuingilia. Mabaharia wakakiita Pua ya Bati.

Fundi umeme alitukusanya chumba cha kulia akatueleza sababu. Mahindi yakisafiri safari ndefu huliwa na fukusi. Kwa hiyo bandarini wanatia vidonge katikati ya shehena, vinatoa gesi ya kuua wadudu, wanafunga mifuniko, na meli inang'oa nanga gesi ikiwa ndani. Gesi hiyo haijui fukusi wala baharia. Ikipata ufa, inaingia tunakolala.

"Ikinuka," fundi alisema, "inanuka kama kitunguu saumu, au kama samaki aliyeoza. Lakini msingoje harufu. Wakati mwingine hainuki hata kidogo, na mtu anakufa."

Bosi Genes akaegemea kiti nyuma. "Kitunguu saumu na samaki? Basi sisi tumekufa kila asubuhi tangu tuache kunyonya."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Kwa kweli kilikuwa kichekesho kizuri, na ndicho kilichomponza, kwa sababu mtu akichekewa mara moja hataki tena kuwa na akili.

Tatizo la kweli lilikuwapo, sikatai. Kile kidude cha korido ya jikoni kilikuwa hakijui kutofautisha gesi na kikaango cha Meya. Kitunguu kikianza kugeuka rangi tu, kengele inalia, feni zinanguruma, na hewa ya joto ya kutoka nje inajaa vyumbani, watu wanaamka wakitokwa jasho na matusi. Fundi alituomba tuvumilie. Bandari ya mbele wangeleta vidude vingine vinavyojua jiko ni nini. Watu wazima tungeweza kuvumilia. Lakini Bosi Genes aliona hapo amepata mshindani, na mshindani mwenyewe hana hata matundu ya pua.

Siku moja tunapakia mahindi kule Ajentina alitokea bafuni na kofia ya plastiki ya kuogea, ya maua ya bluu. Akapanda juu ya ndoo, akakivika kile kidude cha korido ya jikoni, akakaza mpira wake vizuri.

"Kitoe hicho, Bosi," Meya alimwambia kutoka mlangoni. "Chumba changu ndicho cha mwisho hapa. Ukuta wangu ndio ukuta wa ghala."

"Meya, wewe kaanga. Kunusa niachie mimi."

"Na ukiwa umelala?"

"Macho ndiyo yanayolala. Ulishaona mtu aliyefumba pua?"

Wakacheka tena. Meya akarudi jikoni. Hakuwa mtu wa kushindana na mtu mbele ya watu, na mimi nilikuwa mdogo wa wote, neno langu lilikuwa na uzito wa povu la sabuni. Nahodha Gumban alipita hapo kesho yake. Nilimwona kwa macho yangu akitazama juu kwenye maua ya bluu, kisha akatazama viatu vyake, kisha akaenda zake. Tangu siku ile tukalala vizuri. Asubuhi palikuwa na ubaridi na kimya, na wali wa kitunguu saumu, na Bosi Genes akitembea kama jogoo aliyeamuru jua lichomoze.

Tulipokwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kitunguu saumu kikatuishia. Tulichopakia kilikuwa kibovu, nusu tulikitupa baharini. Utadhani tumefiwa. Watu walikaa mbele ya wali mweupe wakautazama kama barua ya kufukuzwa kazi. Bosi Genes ndiye aliyeongoza matanga.

"Meya gani wewe, mji wako hauna kitunguu?"

"Kimekwisha, Bosi. Nikitoe wapi, nikivue baharini?"

"Umekificha. Nakujua. Watu wapole ndio wachoyo."

Meya alitabasamu tu. Siku hizo alikuwa analalamika kichwa. Usiku anakohoa, mchana anashika kifua akipanda ngazi. Tulidhani ni mafua ya baridi za kusini. Asubuhi moja akaniambia nipike peke yangu, yeye angejinyoosha kidogo. Nikamwambia nitamletea uji wa wali. Akaenda chumbani kwake, mwisho wa korido, akafunga mlango.

Nilikuwa nageuza wali mkavu kwenye kikaango Bosi Genes alipoingia na mabaharia wake nyuma. Akasimama katikati ya hatua. Matundu ya pua yakamtanuka.

"Toto," akaniambia, "mmetudanganya."

"Nimedanganya nini, Bosi?"

"Kuna kitunguu saumu kinakaangwa."

"Jiko hili hapa. Tazama mwenyewe. Sina hata punje."

"Wewe huna." Akainua kidole. "Meya anacho."

Akageuka, akaanza kuifuata harufu korido nzima, akinusa kushoto, akinusa kulia, na wenzake wanamfuata wakizuia vicheko kama watoto wanaokwenda kuiba maembe. Na kweli, kwa mara ya kwanza maishani mwake, pua yake haikukosea. Ilimpeleka moja kwa moja mpaka mlango wa Meya. Tena aliposimama pale, ile kofia ya maua ya bluu ilikuwa inaning'inia juu ya utosi wake mwenyewe.

Akagonga kwa ngumi. "Meya, fungua. Mtu mzima unakulaje peke yako kama paka?"

Akagonga tena.

"Hawezi kujibu, anatafuna," akawaambia wenzake, nao wakaangua kicheko. Akaweka uso kwenye mwanya wa mlango, akavuta pumzi ndefu kwa pua, macho kafumba, kama bwana harusi aliyealikwa jikoni kwa mama mkwe. "Kimeiva vizuri hicho. Bado kidogo tu kiungue."

Mmoja akasema kichwa kinamgonga. Bosi Genes akamwambia ni njaa.

Mimi nilikuwa nakuja na bakuli la uji. Nikawasikia wanacheka, nikaisikia na harufu, na nikajiuliza kitu ambacho mtoto wa chekechea angejiuliza: anakaangia nini? Kikaango nimekiacha jikoni. Jiko lenyewe ni moja meli nzima. Nikainua macho nikaiona ile kofia. Sijui bakuli nililiangushia wapi. Niliruka nikaidaka kofia kwa ncha za vidole, ikachomoka, na kengele ikalia kabla miguu yangu haijagusa sakafu.

Ilikuwa kama meli imeshusha pumzi iliyoibana tangu Ajentina. Matundu yalijifunga moja baada ya jingine, tap, tap, tap, mpaka mwisho wa korido, feni zikanguruma, na hewa ya chumvi ikatupiga usoni. Nikausukuma mlango. Meya alikuwa chini, kifudifudi, mkono mmoja umenyooka kuelekea kizingiti. Alikuwa ameanguka akija kufungua. Baadaye sana aliniambia alikuwa anasikia vicheko, akadhani ni vya ndotoni.

Bosi Genes alimbeba. Mabega yake siwezi kumnyima. Alimtupa begani kama gunia akapanda naye ngazi zote mpaka sitahani bila kupumzika, na huko juu akapiga magoti akamfungua shati, akilia. Wengine tulitoka nyuma yao tukikohoa, hakuna aliyebaki chini. Feni ndizo zilizotuweka hai, na feni hazina midomo ya kusimulia. Tuligeuza kuelekea Port Louis, bandari ya karibu, na huko hospitali wakamrudisha Meya upande huu wa kaburi, lakini moyo wake ulibaki kiwete. Hajapanda meli tena. Hata ngazi ya nyumba yake haipandi bila kupumzika katikati.

Nilikwenda kwa nahodha na ile kofia mkononi. Nikamweleza yote, nikijua kabisa namweleza mtu aliyeyaona. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainyoosha ile kofia juu ya goti lake kwa upole.

"Toto, meli yenye kofia ni aibu ya nahodha. Meli yenye shujaa ni heshima yetu sote. Wewe ungechagua ipi?"

"Ukweli, Kapteni."

"Huo haukuwa miongoni mwa nilivyokutajia. Kaoshe vyombo."

Akafungua dirisha akaitupa baharini.

Basi tulipofika nyumbani Genes akavishwa kilemba cha ukoka, na kikamkaa sawasawa. Palikuwa na matarumbeta, na ngao ya shaba, na misa ya shukrani ambamo alisimama mbele akaeleza jinsi alivyonusa hatari kutoka chumba cha kulia, akaifuata korido nzima, akavunja mlango. Mlango haukuwa hata umefungwa kwa ufunguo. Mara ya kwanza alisimulia macho yakiwa chini. Mara ya pili aliyainua. Kufikia sikukuu ya Mtakatifu Ana alikuwa anaamini kila neno, na hapo ndipo nilipomdharau kabisa. Mwongo anayejua anadanganya bado ni mtu, kuna mlango wa kumfikia. Huyu alikuwa ameufunga mlango akatupa ufunguo ndani ya pua yake.

Alipostaafu, chuo cha mabaharia kikamchukua afundishe somo la usalama wa hewa melini. Usicheke, mimi nilishacheka nikamaliza. Kila mwezi anasimama mbele ya vijana wanaokwenda baharini kwa mara ya kwanza na kuwaambia: mitambo huharibika, vitambuzi hudanganya, lakini pua, pua ni ya Mungu.

Meya alikuwa na kibanda cha kifungua kinywa karibu na kanisa. Wali wake haukuwa na kitunguu saumu. Harufu yake ikimfikia, aliacha mwiko akatoka nje. Majirani walimtania kwamba ndiye Mwilonggo pekee duniani anayekaanga wali kwa chumvi na huzuni. Nilikuwa nakaa kwake kila nikishuka melini, na kila mara nilitaka kuiambia dunia yote, na kila mara alinizuia.

"Mavi ya kale hayanuki, Nolfo."

"Yananuka, Meya. Yananuka kitunguu saumu."

"Alinibeba."

"Alikucheka mlangoni."

"Na hilo pia. Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili asubuhi moja. Kula."

Alimfanya hata ninong wa binti yake, yaani msimamizi wake wa kipaimara. Jovelyn alikua akimbusu mkono yule debe kila Jumapili. Nilijaribu kumwambia ukweli mara mbili tatu. "Mjomba Nolfo," alinijibu, "kila mtu anajua wewe na Ninong hamuivi. Wivu huo uache, unazeesha." Ana ulimi kama wa bibi wa sokoni, lakini kichwa kizuri. Akaingia chuo cha mabaharia, akapata meli. Kubeba mahindi.

Alikuja kibandani kumwambia baba yake, amevaa sare nyeupe, na nilikuwapo. Meya akamwuliza kama kuna mtambo wa hewa kwenye meli hiyo.

"Upo, Baba, lakini usihofu. Ninong ametufundisha. Mtambo unaweza kulia bure, mtu akazoea. Pua haizoei. Nitatumia pua, kama yeye alivyokuokoa."

Meya aliweka mwiko chini. Jovelyn alipoondoka bado alikuwa anautazama.

"Nolfo," akasema, "cheti chako cha usalama unakihuisha lini?"

"Bado mwaka mzima."

"Kahuishe sasa. Kwenye darasa la Genes, kabla mtoto hajaondoka."

"Nikafanye nini?"

"Aseme ilikuwa kengele, si pua." Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Sitaki aniombe radhi. Sitaki ngao yake. Ninacho kifua hiki tayari, siwezi kukipokea kingine kama hiki kutoka kwa mwanangu. Aseme kengele, na mtoto awe amesikia."

Nikaenda. Nilikaa nyuma kwenye benchi na mabaharia wenzangu wenye vitambi, mbele vijana, na Jovelyn mstari wa kwanza, daftari wazi. Genes aliingia, akaniona, akanipungia mkono kwa ukarimu, kama mfalme anayemkumbuka mfua nguo wake. Ukutani palikuwa na Pua ya Bati ya kufundishia, ya aina ile ile ya zamani. Siku zote ilikaa imezimwa, kama sanamu. Asubuhi hiyo walikuwa wameiwasha kwa sababu wakaguzi wangepita.

Akasimulia. Sitakuchosha, unakijua alichosimulia, ila sasa kulikuwa na dhoruba pia, na mlango ulikuwa wa chuma. Nikainua mkono.

"Bosi, kile kidude cha korido kilikuwa kinafanya nini wakati huo?"

"Kilikuwa kimekufa, Toto," akanijibu bila kupepesa. "Ndiyo maana nawaambia vijana hawa wasitegemee vidude."

"Kilikufaje?"

"Vidude hufa."

"Na kabla hakijafa, kilivaa nini?"

Vijana wakageuka kunitazama. Jovelyn alinikazia jicho la aibu, aibu kwa ajili yangu. Genes akatabasamu, na nilielewa kwamba ningeweza kukaa pale mpaka ufufuo. Kofia ilikuwa chini ya bahari na nahodha Gumban chini ya ardhi. Neno langu lilikuwa bado povu la sabuni.

Ndipo ikaja harufu. Kantini ya chuo iko ukuta wa pili, na saa hiyo huwa wanakaanga kitunguu saumu cha kunyunyizia batchoy, ile supu yetu ya tambi. Genes akaipokea kwa furaha. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa pua, vile vile, shingo imenyooka vile vile kama mlangoni kwa Meya.

"Mnasikia?" akawaambia. "Kijana mjinga angeogopa. Mimi nawaambia hiyo ni kantini, ni batchoy, na kitunguu bado kidogo tu kiungue. Hiyo ndiyo pua."

Darasa likacheka na kumpigia makofi. Na makofi hayajaisha, Pua ya Bati ikalia.

Sijawahi kuona mtu wa umri ule akienda mbio namna ile. Hakusema tokeni. Aliikanyaga miguu ya mstari wa kwanza, mguu wa mwana wake wa kipaimara ukiwamo, akaiangusha meza ya mwalimu, na kabla kengele haijalia mara ya tatu alikuwa ametoka nje na mlango unapigapiga nyuma yake. Vijana walibaki wamekaa, makofi yamewagandia mikononi. Walikuwa wameshaambiwa ni kantini.

"Mnangoja nini?" nikawaambia. "Mfuateni mwalimu."

Tukamkuta langoni, ameshika vyuma vya lango kwa mikono miwili, anahema, shati lote limelowa. Mama wa kantini alitoka na kijiko chake akasema ni yeye, ni kitunguu tu, samahanini. Kwa mara ya kwanza nilimwona Genes bila sifa zake, mzee mmoja wa Molo aliyeishi miaka yote akiisikia kengele ile ile. Nilimhurumia kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikamkumbuka Meya anavyopumzika katikati ya ngazi yake.

Jovelyn alifika mbele yake akichechemea, daftari bado mkononi.

"Ninong, si ulisema ni kantini?"

"Nilisema."

"Pua yako ilikuambia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa mbona ulikimbia?"

Alimtazama yule binti, akanitazama mimi juu ya bega lake, akatafuta pengine pa kutazama na hakupaona. Vijana walikuwa wamemzunguka kila upande.

"Kengele ililia," akasema, taratibu, kama mtu anayetema mwiba.

Jovelyn hakuandika kitu. Niliona yanavyomwingia yale niliyojaribu kumwambia, korido yote, mlango, na baba yake nyuma ya mlango.

"Rudia, Bosi," nikamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia.